Nani Kashika Kamba

Kazi ya kuchimba visima ina sheria chache, na ya kwanza haina mjadala: aliye juu haiachi kamba. Njaa imshike, mvua imnyeshee, akumbuke sufuria aliyoiacha jikoni, shauri yake. Mchimbaji akishafika chini huuliza, "Nani kashika?" Aliye juu hujibu, "Mimi." Asipojibiwa, hachimbi.

Kwa miaka kumi na miwili Fundi aliuliza hivyo, na kwa miaka yote hiyo aliyejibu "Mimi" alikuwa mkewe. Hapo ndipo penye ajabu. Mtu anamkunja mkewe mkono jioni mpaka kiwiko kinalia, halafu asubuhi anakaa juu ya kibao chembamba, anauachia mkono uleule umshushe shimoni futi arobaini, na hata jicho halimchezi. Alijua hatadondoshwa. Watu wa namna yake huchagua kwa makini wa kumwonea.

Watu walimwita mama Chiriku, kwa jina la utani la binti yake wa miaka saba, mtoto ambaye mdomo wake haukupumzika hata akiwa na homa. Mama mtu zamani alikuwa hivyohivyo. Alikuwa na masihara, na sauti yake ilitangulia kufika kabla yake. Kilichomnyamazisha ni jambo moja ambalo hakuwahi kulielewa: kila alichosema akiwa kazini, Fundi alikijua.

Siku moja, Fundi akiwa chini, yeye alimnong'oneza mwanamke mmoja aliyekuja kuzoa mchanga, "Dada, nikikuonyesha mgongo wangu utanihurumia." Hapakuwa na mtu mwingine pale. Jioni, Fundi akiwa anafungua kamba za viatu, alisema taratibu, "Hebu nami nionyeshe huo mgongo, nikuhurumie." Alimhurumia mpaka jirani akagonga ukuta. Mara nyingine ilikuwa ni neno moja tu alilomwambia muuza ndoo, nalo likamrudia mezani kama lilivyotoka. Akaamini mumewe amepanga watu wa kumchunga kila mtaa. Akaacha kuzungumza, akatulia tuli kama maji mtungini. Hata salamu alizijibu kwa kichwa.

Alibaki na mtu mmoja tu wa kumwamini, kaka yake mkubwa. Huyu aliitwa Shati, kwa sababu hakuwa na kazi wala dalili ya kupata kazi, lakini shati lake siku zote lilikuwa jeupe na limepigwa pasi. Jumapili iliyopita mama Chiriku alikwenda kwake, mbali na kisima chochote na mbali na masikio, akamweleza. Jumamosi, Fundi akienda kununua saruji, yeye na mtoto watapanda basi kwenda kwa shangazi yao, mpishi wa shule ya bweni katika mji mwingine. Shangazi alikwisha kumwombea kazi jikoni na chumba cha kulala. Shati alimsikiliza, akaweka mkono kifuani. "Siri yako imeingia kaburini, mdogo wangu," akasema. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na wala hawakutaja kama nguo yenyewe imepigwa pasi.

Alhamisi asubuhi Fundi aliamka ameshika kiuno.

Walikuwa na siku ya tisa kwenye kiwanja cha mkunga mmoja mstaafu, bibi mnene mwenye miwani, aliyekuwa anajenga nyumba yake ya uzeeni na hakutaka kuzeekea kwenye foleni ya bomba. Fundi alitembea hadi pale ameinama. Walipofika kwenye mdomo wa kisima alisema bila kumtazama mkewe, "Kiuno kimekataa. Leo utashuka wewe."

"Mimi sijawahi kushuka."

"Si lazima uzaliwe humo. Unajaza ndoo, napandisha. Au ni kazi ngumu kuliko kupiga domo?"

Miaka kumi na miwili mama Chiriku alikuwa amekaa juu ya visima, na hakuwahi kutamani kujua chini kukoje. Lakini kwa mumewe neno "hapana" lilikuwa na gharama zake, na gharama hizo mwili wake ulizijua. Fundi aliteremsha mshumaa uliowashwa ili kupima hewa, ukarudi unawaka. Mkewe akakaa kwenye kibao, akaikumbatia kamba kwa mikono miwili, winchi ya kuzungushia kamba ikaanza kulia juu ya kichwa chake. Ukuta wa udongo ulipita karibu na pua. Baridi ikaanza miguuni, ikapanda. Alipogusa chini na kuinua uso, mdomo wa kisima ulikuwa mdogo kama sahani.

"Nani kashika?" akauliza. Sauti yake ilitetemeka.

Akasikia Fundi anacheka kidogo. "Unafikiri nani?"

Hakusema "Mimi." Mama Chiriku aliliona hilo, akalimeza.

Akatoka kwenye kibao, kikapanda, ikashuka ndoo. Aliijaza ya kwanza, akaijaza ya pili. Kwa sururu na koleo, mahali ambapo huwezi hata kunyoosha viwiko, alichimba kwa pupa kama anayetaka kumaliza adhabu. Ndoo ya tatu ilipanda. Haikurudi.

Akangoja. Akatazama juu, akaona duara la mwanga tupu. Alikuwa amefungua kinywa kuita pale aliposikia nyayo, kisha sauti ya mtu, wazi kabisa, kana kwamba amesimama naye bega kwa bega mle gizani.

"Shemeji, za asubuhi."

Ilikuwa sauti ya kaka yake. Mama Chiriku akageuka kumtafuta, bega likagonga udongo. Hakukuwa na mtu. Juu pia hakukuwa na kichwa kilichochungulia. Wale wawili walikuwa wamesimama kando huko, wanazungumza kwa sauti ya chini, na kila neno lilikuwa linateremka ukutani mpaka masikioni mwake.

Ndipo alipoelewa. Hakukuwa na watu waliopangwa. Hakuna jirani aliyemchongea, wala yule mzoa mchanga, wala muuza ndoo. Mumewe alikuwa amekaa chini miaka yote hiyo, na kisima ndicho kilichomwambia kila kitu.

"Yuko chini?" Shati aliuliza.

"Yuko chini. Ndoo hii hapa, kamba hii hapa. Hana pa kwenda."

Fundi siri ile aliijua kuliko mtu yeyote duniani, lakini aliijua akiwa chini. Hakuwahi hata siku moja kuwa juu na mwenzake akawa chini, na haikumpitia akilini kwamba masikio ya mkewe nayo yangesikia.

"Sikiliza," akaendelea. "Saa sita juu ya alama uwe mlangoni pa shule. Mwalimu anajua wewe ni mjomba. Mchukue mtoto, mpande gari la mchana, umkabidhi kwa mama yangu mkononi. Mtoto akiwa kule, huyu hatakwenda popote, Jumamosi wala Jumapili. Kesho ukirudi, winchi hii ni yako. Kazi ya kudumu."

"Na huyu?"

"Huyu atakaa humo mpaka aape kwamba haondoki."

"Akikataa?"

Mama Chiriku alisikia winchi inaguswa, ikalia kidogo.

"Kamba hii ina miaka sita," Fundi akasema. "Ikikatika mtu akiwa katikati, nani atashangaa? Visima vimeua mafundi, sembuse mwanamke mgeni."

Mama Chiriku aliziba mdomo kwa kiganja chenye udongo. Alingoja kaka yake aseme neno. Huyu ndiye aliyembeba mgongoni kuvuka mtaro walipokuwa wadogo, ndiye aliyemfundisha kupiga mluzi. Angoje tu, atasema.

"Hilo mimi sijalisikia, shemeji," Shati akasema. Kisha, baada ya kutafakari, "Viatu vya kazi utanipa? Hivi nilivyovaa vitachafuka."

Mama Chiriku akaketi kwenye udongo mkavu, na mkojo ukamtoka, hakuuzuia wala hakuona aibu. Woga aliouzoea ulikuwa wa jioni, wa mlango unaofunguliwa na kiatu kinachotupwa. Huu ulikuwa mwingine. Ilikuwa inakaribia saa tano. Chiriku alikuwa darasani, pengine anasimamishwa kwa kupiga kelele, na baada ya saa moja angemwona mjomba wake mlangoni, angefurahi, angempa mkono.

Akilia, Fundi atasema mwanamke kaogopa giza. Akiomba msamaha, atakuwa amejiuza. Akiapa leo, mtoto atakuwa ameshapanda gari. Na kupiga kelele za kuomba msaada mbele ya mtu aliyeshika kamba ya miaka sita, hapana. Alijiuliza ni kitu gani huwafanya watu wakimbilie kwenye kisima, na jibu lilikuwa rahisi mpaka likamshtua. Hukimbilia maji.

Siku ya kwanza ya kazi, Fundi mwenyewe alimwambia mkunga, kwa mbwembwe zake za mafundi: "Ukisikia chuma kinagongwa kwa chuma huko chini, mfululizo, ujue maji yametoka. Njoo na kikombe. Mwenye kisima ndiye anayeonja kwanza." Tangu siku hiyo yule bibi alikuwa ameweka kikombe cha bati dirishani. Kila jioni alikichukua kikavu, akakifuta vumbi, akakirudisha.

Mama Chiriku akashika sururu kwa mkono mmoja na koleo kwa mkono mwingine. Pigo la kwanza likakosa. La pili likagonga. Akagonga tena, na tena, na tena, akipaza sauti ambayo hakuitumia kwa miaka, sauti ile iliyokuwa inatangulia kufika. "Maji, Mama Mkunga. Maji. Maji."

Juu alisikia Fundi anatukana. Kisha malapa yanayokimbia, mlango unabamizwa.

"Yametoka?" Ilikuwa sauti ya mkunga, inahema.

"Anachezea vyuma tu, mama. Ameingiwa na woga."

"Si ulisema mwenyewe chuma kwa chuma? Siku tisa nimengoja. Mpandishe aniambie."

"Mama, nadhani tungengoja kidogo…"

"Mpandishe."

Kibao kikashuka. Mama Chiriku alikitazama kinavyokuja, kinayumba, na akatamani kutokukikalia. Ile kamba ilikuwa na mahali palipochomoza nyuzi, karibu na fundo. Alikuwa ameipitisha mikononi mwake mara elfu bila kupatazama. Akakaa. Mavuno yote ya ujasiri wake yalikuwa hayo, kukaa juu ya kibao. Winchi ikalia, miguu ikaacha ardhi. Futi kumi. Futi ishirini. Ikasimama.

Ikasimama kabisa, yeye ananing'inia katikati, hana chini wala juu. Alifumba macho. Alimwona Chiriku na pengo lake la meno mawili.

"Mbona umesimama?" mkunga aliuliza juu.

"Napumzisha kiuno."

Uso wa miwani ukatokea kwenye duara, ukainama sana. "Niko hapa, mwanangu," mkunga akamwambia, na sauti yake ilibadilika, ikawa ile aliyowapa wanawake kwa miaka thelathini katika wodi ya wazazi. "Nakuona. Njoo. Taratibu, pumua, njoo." Na kwa kuwa jicho la mtu lilikuwa linatazama, kamba ikaanza kupanda tena.

Mama Chiriku akakanyaga ukingo. Shati alikuwa pale na shati lake jeupe, anaangalia ncha za viatu vyake. Mkunga ameshika kikombe. Fundi amesimama kwenye winchi, jasho jembamba juu ya mdomo.

"Maji yako wapi?" Fundi aliuliza.

Mama Chiriku akafungua kiganja. Kulikuwa na tope, lenye unyevu kweli, ingawa unyevu wenyewe alijua ulikotoka. "Yanachungulia," akasema. "Mimi si fundi. Fundi ashuke ayatambue."

"Kiuno changu…"

"Kiuno hicho," mkunga akamkatiza, "kimempandisha mtu mzima futi arobaini sasa hivi, na sikukusikia hata ukiguna. Mimi nimeishi na watu wenye maumivu, baba. Nayajua. Shuka unionyeshe maji yangu, au niite fundi mwingine ayatafute."

Neno "fundi mwingine" lilimchoma. Fundi alivuta kibao kwa hasira, akakaa, na kiuno alichokisahau hakikumkumbusha. Akampa mkewe mkono wa winchi bila kumtazama, kama anavyompa kila asubuhi. Alipopita karibu na sikio lake alinong'ona, "Tutaongea nyumbani." Wala hakufikiri zaidi ya hapo. Tangu amjue, yule mwanamke alikuwa ameushika uhai wake kila siku na kila siku akamrudishia.

Akamshusha. Hesabu ya mizunguko aliijua kwa mikono, haikuhitaji kichwa.

"Nani kashika?" Fundi aliita toka chini.

"Mimi," akajibu.

Kamba ikalegea, ametoka kwenye kibao. Mama Chiriku akazungusha, kibao kikapanda kama kawaida ya kazi, kikafika juu, akakifunga. Halafu akatazama mikono yake. Ilikuwa rahisi mno. Angeweza kuondoka tu. Angeweza kumshushia kibao, amngoje afike katikati, na kamba ina miaka sita. Wazo hilo lilimtisha kuliko yote aliyoyasikia asubuhi ile, kwa sababu lilikuja kwa sauti ya mumewe.

"Wewe, maji yako wapi? Hapa pakavu."

Hakuinama kumjibu. Akaketi ukingoni, akasema kwa sauti ya kawaida, ya kuongea jikoni, "Mama Mkunga, maji hakuna. Nisamehe. Nina maneno, na sitapaza sauti, maana aliye chini anasikia. Amekuwa akinisikia miaka yote, na leo nami nimesikia."

Akasema yote. Mgongo, kiwiko, Jumapili kwa kaka yake, basi la Jumamosi. Akasema habari ya mtoto na saa sita. Akarudia maneno ya kamba kama yalivyosemwa, neno kwa neno, jinsi Fundi alivyozoea kumrudishia yake. Meno yalimgongana wakati wote, lakini hakunyamaza. Mkunga alivua miwani, akaipangusa kwa kanga, akaivaa tena na kumtazama Shati, na Shati akarudi nyuma hatua moja.

"Mama Chiriku." Sauti ilipanda taratibu, tamu, ya mbele za wageni. "Teremsha kamba, mke wangu. Haya ni ya nyumbani."

Yeye akasimama. "Kaka," akasema. "Njoo."

Shati alikuja, sijui kwa nini. Pengine kwa mazoea ya kuitwa. Mama Chiriku alimshika kiganja, akakiweka juu ya mkono wa winchi, akavifunga vidole vyake kimoja kimoja.

"Kazi uliyoitaka ndiyo hii. Sheria yake ni moja, aliye juu haiachi kamba. Saa sita ikufikie hapahapa. Na kamba ina miaka sita, kaka. Hilo umelisikia, au hujalisikia?"

Shati akainama kujitazama. Kwenye kifua cha shati lake jeupe kulikuwa na alama za vidole vinne vya tope, na hakuna aliyejua zilifikaje hapo.

Mkunga alivuta kigoda, akaketi kati ya Shati na geti. "Nenda kwa mwanao," akasema. "Hapandi mtu hapa mpaka uwe umefika mbali. Nikimaliza chai yangu nitaita watu wa kumpandisha, na wa kuwapeleka wote wawili wanakostahili. Nenda, mwanangu. Usikimbie, utaanguka."

Alikwenda bila kukimbia, ingawa miguu ilitaka. Bado aliogopa. Aliogopa geti, aliogopa barabara, aliogopa saa ya ukutani shuleni. Alikuwa ameshika komeo aliposikia nyuma yake ile sauti kutoka ardhini.

"Nani kashika?"

Hakuna aliyejibu.

"Nani kashika?" Fundi aliuliza tena, na sasa utamu ulikuwa umekwisha. Mama Chiriku hakuwahi kuisikia sauti ile kwa mumewe, lakini aliifahamu vizuri. Ilikuwa yake mwenyewe, ya shimoni asubuhi ile.

Winchi ililia kidogo, kama inayoshikwa na mkono usio na uhakika.

"Mimi, shemeji," Shati akasema.

Kule chini hakukusikika neno tena. Mama Chiriku akafungua geti, akashika njia ya shule.